Ingia Topeni na Mwanao

Mzazi mwenzangu, ondoka chini ya turubai. Siku ya michezo shuleni, siku ya bonanza la kazini, siku ya mbio za hisani mjini, mahali petu panajulikana: kwenye viti vya plastiki, soda mkononi, simu imeinuliwa ili mtoto akipita tumpige picha. Tunapiga makofi, tunaita jina lake, tunampangusa jasho akifika, kisha tunarudi kivulini. Leo nakuomba tuinuke. Funga kamba za raba, simama na mwanao kwenye mstari mmoja, na filimbi ikilia mwingie topeni pamoja.

Nazungumzia mbio za vizuizi: njia ya kilomita moja, mbili au zaidi, yenye shimo la matope la kuvuka, ukuta wa mbao wa kukwea, neti ya kupita chini yake kifudifudi, vyuma vya kuning'inia kwa mikono, kamba ya kupanda na kiroba cha mchanga cha kubeba. Mnaanza mkiwa safi na mnamaliza mkiwa na rangi ya ardhi. Nimefikiria michezo mingi ambayo mzazi anaweza kucheza na mwanawe, na sijaona unaowaweka sawa kama huu. Kwenye mpira, mkubwa anamwachia mdogo afunge, na mdogo anajua ameachiwa. Kwenye tope hakuna wa kumwachia mwenzake. Linateleza kwa wote, na ukuta hauulizi nani analipa ada.

Mchezo wa kushikana mikono

Mbio hizi zina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Georges Hébert, alianza kuwafundisha watu kukimbia, kupanda, kutambaa, kuinua, kubeba na kuogelea nje, kwenye ardhi ya Mungu, badala ya kuwafungia ukumbini. Alishikilia jambo moja maisha yake yote: mtu ajenge nguvu ili awafae wengine. Majeshi mengi duniani nayo yana njia za vikwazo, na aliyepita mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hahitaji kuelezwa kikwazo ni nini.

Mwaka 1987, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, Billy Wilson, aliwaita raia wa kawaida waje kujaribu mambo hayo kwenye shamba lake karibu na Wolverhampton. Mbio zake ziliitwa Tough Guy, nazo zilikimbiwa katikati ya majira ya baridi, maji yakiwa ya kukata ngozi. Mwaka 2010 mchezo ukafurika Marekani. Joe De Sena alianzisha Spartan Race huko Vermont, na mwaka huohuo Waingereza wawili, Will Dean na Guy Livingstone, wakafanya Tough Mudder ya kwanza huko Pennsylvania. Haukupita muda mrefu kabla watoto nao hawajatengenezewa njia zao, zenye kuta fupi na madimbwi ya kina kidogo. Na katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028, mbio za vizuizi zitachukua nafasi ya farasi katika mashindano ya michezo mitano ya kisasa. Kumbe mchezo wa matope umefika mbali.

Lakini kilichonivutia si ukubwa wake. Kwenye Tough Mudder ya kawaida saa haikuwa bwana. Mshiriki aliahidi kabla ya kuanza kwamba atamtanguliza mwenzake kuliko muda wake. Baadhi ya vizuizi vilijengwa makusudi ili mtu mmoja asivimudu. Kimoja kinaitwa Everest: ni mteremko laini uliopakwa matope, nawe unaukimbilia kwa nguvu zako zote, unaruka, na usiposhikwa mkono na mtu aliyetangulia juu, unateleza hadi ulikotoka. Anayekushika huenda humjui hata jina. Akishakuvuta unageuka, unalala kifudifudi ukingoni, na unanyoosha mkono kwa anayefuata.

Hebu fikiria mtoto wa miaka tisa akiliona jambo hilo kwa macho yake. Kila siku anasikia kwamba wa kwanza darasani ni mmoja tu, kwamba nafasi ni chache, kwamba akizubaa atapitwa. Hapa anaona watu wazima wenye matope hadi kwenye kope wakirudi nyuma kumchukua wasiyemfahamu. Somo hilo halimo kwenye daftari lolote.

Sisi si wageni wa maji na viunzi

Asikwambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji zina vizuizi 28 na madimbwi saba, na kwa miaka mingi dunia imekuwa ikija Afrika Mashariki kujifunza namna ya kuyavuka. Amos Biwott wa Kenya alipata dhahabu huko Mexico mwaka 1968 huku akiliruka dimbwi zima bila kulowesha miguu, watazamaji wakibaki midomo wazi. Kuanzia hapo, katika kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki hadi ile ya 2016, dhahabu ya wanaume katika mbio hizo ilikwenda kwa Mkenya.

Tanzania nayo ina jina lake hapo. Filbert Bayi, ambaye wengi wanamkumbuka kwa rekodi ya mita 1500 aliyoiweka mwaka 1974, alipata medali yake ya Olimpiki kwenye viunzi na maji. Ilikuwa Moscow, mwaka 1980. Alikimbia kama kawaida yake, mbele ya wote, akapitwa mzunguko wa mwisho, akamaliza wa pili. Fedha ile na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5000 ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki. Na mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyocheleweshwa na korona, Peruth Chemutai alimaliza mbio za viunzi na maji mbele ya wenzake, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki. Ikawa ya dhahabu.

Ukitaka matope hasa, tazama Mbio za Nyika za Dunia za Februari 2023 huko Bathurst, Australia. Waandaaji walichimba sehemu ya matope na kupanga matairi njiani kwa makusudi. Walioshinda mbio za wakubwa ni Beatrice Chebet wa Kenya na Jacob Kiplimo wa Uganda.

Simulia haya kwa mwanao mkiwa mnajiandaa. Mtajie majina. Mwonyeshe video. Mtoto akijua kwamba kuna binti wa mashariki mwa Uganda aliyeruka dimbwi la maji mbele ya dunia nzima, dimbwi la nyuma ya shule linabadilika machoni pake.

Ukutani ndipo malezi yanapoonekana

Sasa twende kwenye kiini cha jambo, kwa sababu kukimbia na mtoto si kumburuza.

Mmefika kwenye ukuta. Nao umemzidi mtoto kimo. Anaukazia macho, anakutazama, anasema, "Baba, siwezi." Mikono yako tayari imeshainuka. Ungependa kumshika kwapani, kumnyanyua na kumweka upande wa pili, mwendelee na safari. Nakusihi: ishushe mikono hiyo. Hesabu moyoni hadi kumi. Mwache auguse ukuta, atafute pa kuweka kidole, ajaribu na kuteleza mara ya kwanza. Akigeuka tena, mpe maneno kabla ya mkono: "Ona ule ubao wa pili. Weka mguu wa kulia pale. Shika juu. Sukuma." Akishindwa bado, piga goti moja, fumbata viganja vyako pamoja na umwambie akanyage hapo.

Kati ya kumbeba mtoto na kumpa viganja akanyage pana tofauti kubwa sana. Akibebwa, anatoka pale akijua kwamba ukuta ni mrefu na baba ana nguvu. Akikanyaga viganja, anatoka akijua kwamba miguu yake ina nguvu na baba alikuwepo. Hicho cha pili ndicho atakachokwenda nacho kwenye chumba cha mtihani, kwenye bweni la shule ya mbali, kwenye usaili wa kazi yake ya kwanza. Hutakuwepo huko kumbeba. Lakini atakuwa na hakika kwamba mguu wake ukipata pa kukanyaga, unasukuma.

Kisha inafika zamu yako, na hapa ndipo mchezo huu unapoishinda mihadhara yote ya malezi. Mtoto amekaa juu ya ukuta, anakutazama. Unaruka, unashika ukingo, unakuponyoka kwa tope, unashuka puu! Watu wanaona. Mwanao anaona. Na wewe unafanya nini? Unafuta viganja kwenye suruali, unacheka, unarudi hatua tatu nyuma, unaruka tena. Umekuwa ukimwambia miaka yote kwamba kuanguka si mwisho. Leo amekuona ukianguka, na amekuona ukiinuka. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto amemwona mhunzi na koleo lake kwa macho.

Halafu atakunyooshea mkono. Ni mkono mdogo, hauwezi kuvuta kilo 80. Ushike hivyo hivyo. Panda kwa nguvu zako, lakini usiuachie mkono ule, na ukifika juu mwambie asante kwa sauti. Mtoto anayepokea msaada kila siku anatamani sana kuwa mtu wa kutoa. Mpe nafasi hiyo. Akue akijua kwamba familia ni mahali ambapo kila mkono una kazi.

Kizuizi kingine ni handaki, na humo jaribio ni la hofu. Ndani mna giza, magoti yamezama kwenye maji machafu, huoni mwisho. Usimwambie, "Acha uoga." Muulize: "Nitangulie au nikufuate?" Akichagua utangulie, ongea njia nzima, asikie sauti yako mbele yake: hapa pana jiwe, hapa inama, naona mwanga. Akichagua umfuate, mguse kisigino kila baada ya mwendo kidogo ajue upo. Na akisema leo hapana, basi ni hapana. Piteni pembeni, muende kwenye kizuizi kinachofuata, bila lawama na bila kumlinganisha na mtoto wa jirani. Anayeheshimiwa katika hofu yake hurudi mwenyewe kuikabili. Anayelazimishwa huweka kinyongo na matope.

Kwenye kiroba cha mchanga, beba chako kizito na yeye abebe chake chepesi. Usimpokee mzigo akianza kulalamika. Punguza mwendo, pumzikeni, shusheni, mnyanyue tena pamoja. Na sheria ya njia nzima iwe hii moja: mwendo ni wa mdogo. Hakuna mzazi anayevuka mstari wa mwisho peke yake akageuka kumsubiri mtoto. Mnavuka pamoja, au mnasubiriana hadi mvuke pamoja.

Sababu za kubaki kwenye kiti

Ninazijua sababu zako, na nitazijibu moja moja.

"Mwili wangu si wa mbio." Basi tembea. Kwenye njia ya vizuizi hata wanariadha hutembea, maana tope halikimbiki. Kama una shinikizo la damu, kisukari, tatizo la moyo au magoti yanayokusumbua, muone daktari kwanza na umwambie unachotaka kufanya. Akikuwekea mipaka, iheshimu na uje ndani ya mipaka hiyo.

"Mimi ni mama, si heshima kugaagaa topeni." Dada yangu, binti yako anajifunza mwili wake ni wa nini kwa kukutazama wewe. Akikuona ukikwea ukuta, atajua kwamba nguvu si mali ya kaka zake peke yao. Vaa suruali ndefu ya michezo, tisheti ya mikono mirefu, hijabu ya michezo iliyofungwa vizuri. Stara na matope havina ugomvi.

"Watu watanicheka." Watacheka, na baada ya dakika kumi nusu yao watakuwa wanauliza mwakani jina linaandikishwa wapi.

"Sina muda." Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hadi mapigo ya moyo yapande, na sisi watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vijana wanne kati ya kila watano, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango hicho. Tuseme ukweli: watoto wetu wa mjini wanatoka kwenye basi la shule wanaingia kwenye masomo ya ziada, na wanatoka kwenye masomo ya ziada wanaingia kwenye simu. Uwanja tuliochezea rede na kombolela umejengwa fremu za maduka. Muda wa mwili wa mtoto usipotengwa na mzazi, hakuna mwingine atakayeutenga.

"Mwanangu ana ulemavu." Badilisha kizuizi, usimbadilishe mtoto. Ukuta unaweza kushushwa, njia ya tope inaweza kuwa na upande mgumu ambapo gurudumu linapita, kamba inaweza kufungwa kiunoni mwa mzazi imwongoze asiyeona. Wapange wazazi na walimu pamoja naye mwenyewe, maana ndiye anayejua mwili wake unaweza nini.

"Baba yake yuko mbali." Babu yupo? Shangazi yupo? Mjomba, kaka mkubwa, jirani mnayeaminiana? Anayelea ndiye mzazi wa siku hiyo.

Jiandaeni kwa wiki nane

Msiingie mkiwa wakavu. Wiki nane zinatosha familia ya kawaida, na hazihitaji jimu.

Wiki mbili za kwanza, tembeeni kwa kasi jioni, dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa wiki. Acheni simu nyumbani. Mtashangaa mtoto ana maneno mangapi akiwa anatembea kando yako.

Wiki ya tatu na ya nne, changanyeni: kimbieni hadi nguzo ya umeme, tembeeni hadi nguzo inayofuata. Mkirudi uani, tambaeni kifudifudi kutoka ukuta hadi ukuta, mwendo wa dubu kwa mikono na miguu, mwendo wa kaa kwa kurudi nyuma. Watoto wadogo hawatajua kwamba hayo ni mazoezi.

Wiki ya tano na ya sita ni za mikono. Tafuteni tawi imara la mwembe, au chuma cha goli, mning'inie. Mtoto atakushinda hapo, kwa kuwa ana mwili mwepesi wa kuning'inia. Mwache afurahie ushindi huo. Bebeni ndoo za maji badala ya kuvuta mpira wa bomba. Yeye ndoo ndogo, wewe mbili. Pandeni ngazi za jengo.

Wiki ya saba, unganisheni yote mara moja, kwa mwendo wa taratibu. Wiki ya nane punguzeni mazoezi, mlale mapema, mwili ujijenge. Mtoto mdogo asibebeshwe uzito wa kumpinda mgongo. Akianza kukunja uso badala ya kucheka, mazoezi ya siku hiyo yameisha.

Kama mashindano hayapo, yaandaeni

Sehemu kubwa ya wanaosoma makala hii hawana mashindano ya namna hii karibu nao. Hiyo isiwe sababu ya kusubiri. Shule ina uwanja, mtaa una vijana, gereji lina matairi yasiyotumika. Kaeni wazazi kumi na mwalimu wa michezo, mgawane kazi, na ndani ya wikendi moja mtakuwa na njia ya mita 500 itakayozungumzwa mwaka mzima.

Matairi ya magari yalazwe chini kwa safu mbili za kuruka mguu kwa mguu. Neti kuukuu ya goli ikazwe juu ya vigingi, nusu mita kutoka ardhini, ya kutambaa chini yake. Magogo mawili ya kuruka, la mzazi na la mtoto. Ukuta wa mbao wa mita moja kwa watoto na mmoja wa mita moja na nusu kwa wote, kila mmoja fundi seremala aukaze vizuri na kuusukuma kwa nguvu kabla mtoto hajaugusa, na pande zote ziwekewe mchanga laini au magodoro. Viroba vya mchanga vya kilo mbili, tano na kumi. Boriti pana ya kutembea juu yake bila kuanguka, iwe karibu na ardhi. Mwisho kabisa, tope. Na kwa kuwa bonanza letu halikamiliki bila kuvuta kamba, fungeni siku kwa wazazi upande mmoja na watoto wote upande wa pili.

Tope hilo lichaguliwe kwa akili. Msiingize watoto kwenye dimbwi lililotuama wala kwenye ukingo wa ziwa au mfereji wenye konokono. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi nzima bila hata jeraha. Maji yaliyochanganyika na mkojo wa panya na mifugo hubeba vimelea vya homa ya mgunda, na Tanzania haijasahau mlipuko wa Lindi wa mwaka 2022. Kwa hiyo tengenezeni tope lenu wenyewe. Chagueni mahali ambapo mifugo haipiti na taka hazitupwi, limeni, ondoeni mawe, misumari na vipande vya chupa kwa kupitisha reki mara kadhaa, kisha mmwage maji ya bomba asubuhi ya siku yenyewe. Kina kiishie chini ya goti la mtoto mdogo kuliko wote. Kila mtu avae viatu vilivyofungwa. Minyoo ya safura huingia kupitia nyayo zilizo peku. Angalieni kadi za kliniki kama chanjo ya pepopunda imekamilika, na mwenye kidonda kibichi asubiri awamu nyingine.

Pawe na mtu mzima kwenye kila kizuizi, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa ya kutosha, na mtu mwenye gari aliyekubali mapema kukaa tayari. Anzeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Watoto waachiliwe kwa makundi madogo, wasikanyagane.

Siku ikifika

Kuleni uji au viazi mapema, muda wa kutosha kabla ya kuanza. Kateni kucha. Vueni pete, hereni na saa. Vaeni nguo ambazo hamtazililia. Jeans ziacheni nyumbani, zikilowa zinakuwa mzigo. Kamba za viatu fungeni mara mbili, maana tope lina tabia ya kubaki na kiatu.

Kabla ya filimbi, shuka uwe usawa wa macho ya mwanao, umwambie mambo mawili tu. Kwanza: "Tunamaliza pamoja." Pili: "Ukitaka kusimama, sema, tutasimama." Basi. Usimwambie ashinde. Usimwambie asikuaibishe. Mtoto aliyeambiwa yale mawili ya kwanza tu anaingia topeni akiwa huru.

Njiani, mpongeze kwa jambo alilofanya na ulitaje. "Umekuwa shujaa" hupita haraka masikioni. "Nimeona ulivyoteleza ukarudia kwa mguu wa kushoto" hubaki, kwa sababu anajua ulikuwa unatazama kweli. Mkiwakuta waliokwama, simameni muwasaidie. Mwache mtoto ndiye anyooshe mkono kwanza.

Mkimaliza, ogeni mara moja kwa maji safi na sabuni, kagueni magoti na viganja, safisheni kila mchubuko. Homa ikija siku zinazofuata, nendeni zahanati na mseme wazi kwamba mlikuwa kwenye matope. Kisha kaeni chini mle. Muulize kizuizi gani kilikuwa kigumu kwake, na umwambie kipi kilikuwa kigumu kwako. Mwambie kweli. Mtoto aliyesikia mzazi wake akisema, "Pale kwenye handaki niliogopa, nikasikia sauti yako nikaendelea," hatakuficha hofu zake akifika miaka kumi na tano, umri ambao watoto wengi hufunga mlango.

Usingoje

Mzazi mwenzangu, muda tulio nao na watoto hawa haurudi nyuma. Samaki mkunje angali mbichi, na mtoto wa miaka sita, nane, kumi na moja bado anataka uende naye. Anakuomba kwa maneno wazi: "Twende wote." Itafika siku atakwenda na wenzake, na ndivyo inavyopasa kuwa. Siku hiyo ikifika, awe na mwili unaojua kukwea na moyo unaojua kwamba anayeanguka hurudi hatua tatu nyuma akaruka tena. Hayo hatayapata kwa kuambiwa. Atayapata kwa kukuona na kwa kukushika mkono mkiwa mmelowa wote wawili.

Kwa hiyo usiifunge makala hii ukasema ni nzuri. Leo jioni, kabla ya chakula, mwite mwanao mtoke mkatembee dakika 20. Kesho mtumie ujumbe mwalimu wa michezo umuulize kuhusu uwanja. Jumamosi nenda gereji ukaombe matairi. Waambie wazazi wenzako kwenye kundi la darasa kwamba tarehe imepangwa, na uiandike. Wakikuuliza nani atakimbia na watoto, jibu kwa herufi kubwa: SISI. Halafu inuka kwenye kiti, mzazi. Filimbi inakungoja wewe.